Bei ya Dar kwenye simu, nyanya shambani zinaoza

Leo tuweke pembeni kantangaze na mbolea. Nina jambo ambalo litawaudhi wachache, hasa wanaotuletea miradi.

Miaka michache iliyopita kijiji kimoja ninachokihudumia kililetewa mradi wa takwimu. Vijana sita walipewa vishikwambi, wakafundishwa, wakawa wanazunguka kuandika ekari na mavuno, na wakulima wakatumiwa bei za sokoni kwa meseji. Mimi nilikuwa msimamizi, na nilijisifu kweli kweli. Msimu wa nyanya ulipofika kila mtu alijua bei ya Dar es Salaam asubuhi hiyo hiyo. Na bado nyanya zilioza, kwa sababu magari hayakuja. Kijana mmoja aliyekopa kununua pampu aliuza kwa dalali kwa bei ya kutupa, huku meseji ya bei nzuri iko mkononi mwake. Aliniangalia tu. Sikuwa na la kumwambia.

Jambo hilo lilinisumbua, nikaanza kusoma. Utafiti unaotajwa sana ni wa Robert Jensen, wa mwaka 2007, kuhusu wavuvi wa Kerala, India. Simu za mkononi zilipofika pwani ile, wavuvi wakiwa bado baharini walipiga simu kujua soko gani lina wanunuzi. Faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka asilimia 4, na samaki wa kutupwa karibu wakaisha. Wafadhili wanaupenda sana huo.

Lakini upo mwingine, wa Fafchamps na Minten, uliochapishwa 2012. Wao walikwenda vijiji 100 vya Maharashtra, India hiyo hiyo, wakulima wakapewa huduma ya bei kwa meseji bure kwa mwaka mzima. Kwa wastani, bei waliyouzia haikupanda kwa kiasi cha kuonekana.

Kwa nini kule ndiyo na huku hapana? Maoni yangu mimi ni haya: mvuvi amekaa ndani ya chombo chake. Akisikia bei, anageuza usukani. Wewe ukisikia bei, unageuka kumtafuta mwenye Fuso.

Na mwenye Fuso naye ana hesabu zake, ambazo sisi mabwana shamba hatukufundishwa chuoni. Faida ya usafirishaji inatokana na chombo kujaa na kutosimama. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 kwenye meli Ideal X, kutoka Newark hadi Houston. Kupakia tani moja ya mzigo wa kubebwa na vibarua kuligharimu karibu dola 6. Kwa kontena ilikuwa kama senti 16. Meli iliyokuwa inalala bandarini siku nyingi ikaanza kuondoka upesi. Biashara ya meli dunia nzima ikabadilika kwa sababu ya sanduku la chuma!

Sasa rudi kwetu. Tuchukulie gari kutoka Ilula hadi Dar, takriban kilomita 450, safari inagharimu shilingi 1,200,000. Likibeba matenga 200, kila tenga linabeba 6,000. Likiondoka na 120, ni 10,000, maana mafuta na dereva ni vile vile. Ongeza siku mbili za kuzunguka mashambani kuokoteza mzigo, nyanya za juzi zikisubiri za leo. Hiyo tofauti hailipi mwenye gari. Unalipa wewe, kwenye bei ya shambani.

Dereva mmoja aliwahi kuniambia: "Bwana shamba, mimi sichukii kijiji chenu. Nachukia kuambiwa mzigo upo, nikifika nakuta nusu, na nusu yenyewe bado haijachumwa." Nilinyamaza, maana vishikwambi vyetu havikuwahi kuandika siku ya kuchuma. Viliandika umri wa mkulima na idadi ya watoto wake.

Kwa hiyo nasema wazi: mradi wa takwimu ambao mwenye gari hawezi kuutumia, kwa mkulima wa biashara ni mapambo. Afadhali daftari la kaunta. Nani, matenga mangapi, yatachumwa siku gani, yatapakiwa wapi. Hayo tu. Mkiwa kumi mkapanda kwa kupishana wiki, mnampigia mwenye gari siku tano kabla na kumwambia mzigo wake umejaa, tena uko sehemu moja. Hapo mnazungumza nauli, hamwombi. Na kama analeta bidhaa za dukani huku juu, muulizeni anarudi lini. Gari lililokuwa lirudi tupu ndilo rahisi kujadiliana nalo.

Kasoro ipo. Mmoja akiuza pembeni kwa dalali usiku wa kuamkia kupakia, gari linapungua na nauli inawarudia waliobaki. Kikundi ninachofanya nacho kazi sasa kimeweka amana ya 1,000 kwa kila tenga lililoandikwa. Walibishana jioni nzima, wawili wakajitoa. Waliobaki wanane wanachuma Alhamisi, na gari limethibitisha.