Anafuta Kila Mstari, Halafu Analalamika Game Imekuwa Ngumu

Jina kapuni. Ni kijana wa Bongo Fleva aliyetamba na ngoma moja kali, halafu kimya. Mashabiki wanasema kafulia, wengine wanadai menejimenti imemtema. Ila walio karibu naye wanasimulia kingine kabisa: jamaa anaingia studio karibu kila wiki, biti linapigwa, anaandika mistari miwili kwenye simu, anaisoma, anasonya, anafuta. Masaa yanakatika, hela ya studio inaondoka, kwenye simu hamna kitu.

Na wa aina yake wapo kibao. Kipaji wanacho, ishu ni kwamba wanafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kuandika na kujihukumu. Neno halijatoka vizuri, tayari kichwani zinasomeka komenti za Insta: "umeishiwa", "bora ile ya zamani". Hapo nani ataandika, hata kama angekuwa nani?

Dawa yake ni ya siku nyingi. Mmarekani Peter Elbow aliieleza kwenye kitabu chake Writing Without Teachers, mwaka 1973. Tega saa dakika 10, andika bila kusimama. Usifute, usirudi nyuma, usijali kama umekosea herufi. Ukiishiwa, andika hivyo hivyo kwamba umeishiwa, mpaka kije kitu kingine. Huyo Elbow hakuwa bingwa wa kuzaliwa, maana aliwahi kuacha masomo ya juu pale Harvard kwa sababu kuandika kulimshinda.

Kwenye muziki mfano mtamu ni Paul McCartney wa The Beatles. Melodi ya "Yesterday" ilimjia, maneno hakuwa nayo. Akaweka maneno ya kushikia nafasi, yaani mayai ya kuvuruga! Akaendelea kuimba mayai hayo kwa muda mrefu mpaka maneno yenyewe yakapatikana, na wimbo ukatoka 1965. Angejichukia siku ile ya mayai, leo kusingekuwa na wimbo.

Kinachoshangaza ni kwamba wasanii wa hapa hili wanalijua. Muweke huyo huyo kijana kijiweni, mpe mtindo huru, atachana dakika tano bila kukwama. Mstari ukiwa mbovu anaupita, anakamata unaofuata, kwa sababu akisimama kujirekebisha anazomewa. Mpe kalamu sasa, anaganda kama kaitwa polisi. Kwani kalamu imemfanyia nini?

Wapo watakaosema mistari hailazimishwi, inakuja yenyewe. Sawa, huwa inakuja. Ila mara nyingi inakuja ikiwa imejificha nyuma ya mistari kumi ya hovyo, na anayefuta ule wa kwanza hafiki wa kumi na moja.

Lakini tusidanganyane, kuna kundi la pili ambalo limeelewa nusu tu ya somo. Hao wanaandika jioni, wanarekodi usiku, asubuhi ngoma ipo YouTube, mbichi kama ilivyo. Kuandika bila kujihukumu ni kwa ajili ya kupata malighafi. Kesho yake hakimu anaruhusiwa kurudi, tena na mkasi. Kati ya mistari 20 ikipona minne, hiyo ni siku nzuri. Julia Cameron, aliyeandika The Artist's Way mwaka 1992, anataka kurasa tatu kila asubuhi kwa mkono, na hazionyeshwi mtu. Siyo prodyuza, siyo mchumba, siyo status ya WhatsApp.

Na kazi hiyo ifanyike nyumbani, kwenye kaunta buku, data ikiwa imezimwa. Kulipia saa za studio ili ukakae kufuta ni kumchangia mwenye studio kodi ya nyumba.

Wadau, nyie mstari wa kwanza mnaufuta au mnauacha? Tiririka hapo chini.