MBWA WAKO ANAJAA GESI? TAZAMA SAHANI YAKE



Mwezi huu tunazungumza juu ya tumbo la mbwa. Usicheke. Mbwa hulinda nyumba yako wakati wewe umelala. Hufukuza fisi zizini na nyani shambani. Lakini tumbo lake likiharibika, wengi wetu tunamtupia jiwe tu ili akalale mbali.

Mzee mmoja alikuja kwangu asubuhi. Alikuwa amekasirika. Baada ya kuamkiana alisema, "Bwana Mifugo, mbwa wangu amenihamisha barazani. Tumbo lake linanguruma usiku kucha. Hewa anayotoa haivumiliki. Juzi wakwe zangu walikuja, wakaaga kabla chakula hakijaiva. Nipe dawa."

Nilimwuliza, "Mzee, anakula nini?"

"Maharage," alijibu. "Mwaka huu tumevuna maharage mengi. Sisi tunakula maharage, na yeye anakula maharage."

"Na kabla ya mavuno?"

"Ugali na vichwa vya dagaa."

"Wakati ule alikuwa akinuka hivi?"

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Basi dawa ilikuwa jikoni kwake.

Je, gesi hutoka wapi? Hutoka mahali pawili. Kwanza, mbwa humeza hewa anapokula. Akila kwa pupa humeza hewa nyingi. Pili, kuna chakula ambacho tumbo haliwezi kukisaga. Chakula hicho huteremka mpaka kwenye utumbo mpana. Humo mna vijidudu vingi sana. Vijidudu hivyo hukila, nacho huchacha. Umeona jinsi pombe inavyochacha mtungini na kutoa mapovu? Mapovu yale ni gesi. Ndani ya mbwa ni hivyo hivyo.

Maharage, kunde, choroko na soya vina aina ya sukari ambayo tumbo la mbwa halisagi. Hata tumbo la mtu halisagi, wewe mwenyewe unajua. Kama huna kingine cha kumpa, loweka maharage usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale. Pika kwa maji mapya mpaka yaive sana, kisha mpe kidogo tu, yachanganye na ugali.

Maziwa ya ng'ombe nayo huwasumbua mbwa wengi. Mtoto wa mbwa anaponyonya ana nguvu ya kusaga maziwa. Akiisha kuacha, nguvu hiyo hupungua. Basi mbwa mkubwa ukimpa bakuli la maziwa, huenda ukamletea gesi na kuharisha. Makombo yaliyooza pia ni mabaya. Tusidhani kwamba mbwa anaweza kula kila kitu kwa sababu tu anakubali kukila.

Chakula kinachomfaa ni ugali ulioiva vizuri, pamoja na dagaa au utumbo uliochemshwa. Ukoko si vibaya, lakini ukoko mtupu hautoshi. Unapotaka kumbadilishia chakula, usibadilishe siku moja. Changanya kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, ili tumbo lizoee.

Sasa tuseme juu ya pupa. Katika nyumba nyingi mbwa 3 au 4 hutupiwa chakula mahali pamoja. Kila mmoja anameza upesi kabla mwenzake hajamnyang'anya. Wanameza chakula na hewa pamoja. Mpe kila mbwa sahani yake, na uwatenge. Kama bado anakula kwa pupa, tafuta jiwe laini, kubwa kuliko kinywa chake. Lioshe, uliweke katikati ya sahani, halafu mwaga chakula kuzunguka jiwe. Atalazimika kulamba na kuokota pole pole. Jiwe halina bei. Pia gawa chakula chake mara mbili, asubuhi na jioni, badala ya kumpa mlima mmoja usiku.

Mzee yule alifanya hivyo. Aliniambia kwamba baada ya siku chache alirudi kukaa barazani kwake.

Lakini kuna tumbo moja ambalo si la kungojea siku chache. Ukiona mbwa mkubwa amevimba tumbo ghafla, limekuwa gumu kama ngoma, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, mate yanamtiririka, hatulii wala halali, jua kwamba hatari imeingia. Huenda tumbo limejaa hewa na kujisokota. Mbwa huyo anaweza kufa kwa saa chache. Usimnyweshe mafuta wala magadi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

TUMBO LA MTOTO WA MBWA

Hapa ndipo wengi hukosea. Mvulana mmoja aliletwa na mama yake akiwa amebeba kikapu. Ndani ya kikapu walikuwamo watoto 3 wa mbwa. Walizaliwa 5, na wawili walikuwa wamekufa wiki ile. Matumbo yao yalikuwa ya mviringo kama vibuyu.

"Hawa wameshiba, ila wamejaa gesi," mama alisema. "Nimewapa maji ya magadi."

Nilimwambia, "Mama, pitisha kidole ubavuni." Alipitisha. Mbavu zilihesabika moja moja. Manyoya yalikuwa makavu na yamesimama. Mtoto wa mbwa aliyeshiba hakondi mbavu. Tumbo kubwa juu ya mwili mkondefu mara nyingi ni minyoo. Mmoja alipotoa kinyesi, tuliiona: mirefu, myeupe, kama tambi.

Mama alishangaa. Watoto wale hawakuwa wamefikisha hata miezi miwili. Waliipata wapi? Waliipata kwa mama yao. Minyoo midogo hulala ndani ya nyama ya mbwa jike kwa muda mrefu. Akishika mimba, huamka na kuingia kwa watoto wangali tumboni. Mingine hupita katika maziwa. Kwa hiyo ni afadhali udhani kwamba kila mtoto wa mbwa anazaliwa na minyoo.

Dawa ya minyoo huanza mapema, mtoto akiwa na wiki 2. Rudia wiki ya 4, ya 6 na ya 8. Kisha mpe kila mwezi mpaka afikishe miezi 6. Jike mwenye watoto naye apewe. Mbwa mkubwa apewe kila baada ya miezi 3. Dawa hupimwa kwa uzito. Mweke mtoto wa mbwa ndani ya kikapu, umpime kwa mizani ya dukani, kisha upunguze uzito wa kikapu. Mwambie mtaalamu wa mifugo uzito huo, naye atakupa kiasi kinachofaa. Usikisie kwa macho dawa ya mbuzi au ng'ombe. Dawa iliyozidi inaweza kumwua mtoto wa mbwa mbele yako. Wala usimpe vitunguu, vyekundu au saumu, maana huharibu damu ya mbwa. Baada ya kumpa dawa unaweza kuona minyoo mingi ikitoka. Usishtuke.

Yule mvulana alikuwa amekaa chini akiwachezea watoto wake. Mara akatia kidole kinywani. Nilimzuia, nikamweleza mama yake sababu. Mayai ya minyoo hii hutoka katika kinyesi cha mbwa. Hayaonekani kwa macho. Yakikaa katika udongo kwa wiki kadhaa, hukomaa. Mtoto wako akicheza katika udongo huo na kula bila kunawa, huyameza. Ndani ya mwili wa mtu minyoo midogo haikui, lakini hutembea. Inaweza kuingia katika ini na mapafu. Inaweza kuingia hata katika jicho, na jicho hilo likapofuka.

Kwa sababu mayai huhitaji muda ili kukomaa, jembe na shimo vinaweza kuyawahi. Zoa kinyesi cha mbwa kila siku, ukifukie mbali na kisima na mahali watoto wanapocheza. Ukikiacha mwezi mzima, umechelewa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, hasa wale wanaolala na kuamka na vijibwa.

Mama yule alirudi baada ya wiki mbili kuchukua dawa ya mara ya pili. Mvulana alikuja mbele, kikapu kichwani. Matumbo ya vijibwa yalikuwa yamepungua, na mgongo wa mmoja ulikuwa umeanza kunenepa. Nilimwuliza mvulana kama amenawa mikono. Alinionyesha viganja vyote viwili, bado vina maji.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa.