Pizza ya pembe nne Kariakoo: Nani anabaki na faida?

ANAYETAFUTA pizza nzuri ya pembe nne katikati ya Dar es Salaam hana haja ya kuingia hotelini. Asubiri jua lizame, maduka ya jumla ya Kariakoo yaanze kufungwa, afuate harufu ya kitunguu na yai. Hiyo ndiyo pizza ya Zanzibar, iliyopata umaarufu bustani ya Forodhani, Unguja. Na ile ya Italia wanafanana jina tu. Ndugu yake hasa ni mutabbaq ya Waarabu, neno lenye maana ya kitu kilichokunjwa: donge la unga wa ngano linavutwa mpaka liwe jembamba, linajazwa nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, yai na mayonezi, kisha kingo zinakunjwa pande nne.

Ubora wake utauona kwenye pembe. Zikiwa nene na mbichi, unga haukuvutwa vya kutosha. Mafuta yakiwa meusi, pita zako.

Kwa mkulima na mchuuzi, swali kubwa ni fedha ya pembe hizo inaishia wapi. Unga kwanza. Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya ngano inayosagwa viwandani, na vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya unga ilipanda mpaka vibandani. Si kwamba hatukujaribu. Kuanzia miaka ya 1970, Hanang ilikuwa na mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yaliyosaidiwa na Canada, yakaacha pia mgogoro wa ardhi na wafugaji wa Kibarabaig. Msaada ulipokoma miaka ya 1990, uzalishaji ulidorora.

Kitunguu ni chetu, kutoka Mang'ola, Singida na Ruaha Mbuyuni, lakini hapa mkulima anaumia kwa njia nyingine: lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, ila mnunuzi shambani hulishonea kilemba juu na kulipa bei ya gunia moja. Mpishi wa Kariakoo hanufaiki na ziada hiyo, kwa sababu yeye ananunua kwa kilo. Inabaki kwa watu wa katikati. Mkulima anayepima kwa mizani kabla ya kutaja bei angalau anajua anachopoteza.

Yai nalo lina hesabu yake. Tuseme trei ya mayai 30 imepanda kwa Sh 1,500. Kila yai limeongezeka Sh 50. Anayeuza pizza 60 kwa usiku, yai moja kila moja, anapoteza Sh 3,000, na kwa siku 26 za kazi ni Sh 78,000. Wengi hawaandiki, hivyo hawaoni mtaji unakatika wapi. Kupandisha bei wanaogopa, wanapunguza nyama, na mteja wa Kariakoo hugundua haraka.

Halafu kuna eneo. Soko kuu liliungua Julai 10, 2021, na Oktoba mwaka huohuo wamachinga wakaondolewa barabarani. Chakula cha jioni kinategemea wapita njia. Ukihamishwa mitaa miwili tu, wateja hawakufuati. Makubaliano na mwenye duka, utumie baraza lake akishafunga, yana thamani kuliko kikaango kipya. Yaandikwe, yataje kodi na nani anafagia asubuhi.