Hesabu ya Mshahara wa Ng'ambo

Twaomba nafasi tuseme neno juu ya jambo ambalo limekuwa mazungumzo ya kila jioni huku Chiwata, tena, kama tusikiavyo, huko Masasi mjini, Ndanda na Newala pia: nalo ni habari ya watumishi wenzetu wanaokusudia kuacha kazi zao waende kukaa ng'ambo. Hatuandiki ili kumzuia mtu. Kusafiri si kosa, na babu zetu walisafiri. Twaandika kwa sababu tumeona ya kuwa sisi tunaoaminiwa kutunza daftari za watu wengine, na kulinganisha mapato na matumizi hata senti ya mwisho, tukifika kwenye safari yetu wenyewe twahesabu upande mmoja tu wa daftari.

Jambo lilianza hivi. Ndugu yetu mmoja, karani mwenye mke na watoto watatu, alipata barua ya kukubaliwa katika chuo kimoja cha Uingereza kwa masomo ya mwaka mmoja, na ada yake amepata wa kumlipia. Nia yake haikuwa masomo peke yake. Alikusudia kufanya kazi huku akisoma, kisha awaite mkewe na watoto. Akatuletea karatasi yenye hesabu yake. Kima cha chini cha ujira Uingereza, kama kilivyowekwa Aprili 2025, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mtu wa miaka 21 na zaidi. Akapiga saa 40 kwa juma, akapata karibu pauni 2,116 kwa mwezi. Pauni moja akaifanya Sh. 3,300/-. Jumla, karibu Sh. 7,000,000/-. Chini yake akaandika kima cha chini cha mshahara wa serikali yetu tangu Julai 2025, yaani Sh. 500,000/-, akapiga mstari, akaandika kwa wino mwekundu: mara kumi na nne. Na ili apate fedha za kuanzia, alitaka kuuza shamba lake la mikorosho.

Hesabu ile haina kosa la kuzidisha. Kosa lake ni jingine, na twataka kulieleza kwa urefu kidogo, maana tumeliona katika karatasi nyingi.

Kwanza, mwenye ruhusa ya mwanafunzi Uingereza, kwa masomo ya namna hii, haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Basi saa 40 zikawa 20, na zile pauni 2,116 zikawa 1,058. Sasa, serikali ya Uingereza yenyewe humtaka mwanafunzi aonyeshe kwamba anazo fedha za kujikimu kabla ya kupewa viza. Kiasi kilichowekwa Januari 2025 kilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi kwa anayesoma nje ya London, na 1,483 kwa anayesoma London, kwa miezi isiyozidi tisa. Viwango hivi hupandishwa mara kwa mara, basi msomaji aulize vya siku yake. Lakini tazameni maana yake: wenye nchi walisema mtu mmoja, asiye na mke wala mtoto, alihitaji pauni 1,136, na saa walizomruhusu kufanya kazi, kwa ujira wa chini, zilimpa 1,058. Hazikufika. Ndugu yetu alikuwa ameisoma barua ile mara nyingi, wala hakuweka namba hizi mbili pamoja. Tena pauni 1,136 mara miezi tisa ni pauni 10,224, nazo kwa hesabu yake mwenyewe ni zaidi ya Sh. 33,000,000/- ambazo hakuwa na budi kuzionyesha benki kabla ya kupanda ndege. Na juu yake iko ada ya matibabu, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza ya mwanafunzi.

Pili, habari ya mke na watoto. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masomo ya darasani ya shahada ya pili hawezi kuwachukua. Neno hili lilimwuma kuliko yote, na sisi hatukuwa na la kumwambia.

Sasa twaja kwenye kosa kubwa, ambalo hata mwenye ruhusa ya kazi kamili aweza kulifanya. Mtu hupokea mshahara kwa pauni, akaugeuza kuwa shilingi, akafurahi. Lakini hatautumia kwa shilingi. Atautumia kwa pauni, palepale alipoupata. Sisi twashauri watu waache kabisa kuhesabu kwa shilingi, wahesabu kwa saa. Jiulize: kitu hiki kitanigharimu saa ngapi za kazi kule, na saa ngapi hapa?

Tuliijaribu njia hii kwa nauli ya basi. Huko England kikomo cha nauli ya safari moja katika mabasi mengi ni pauni 3 tangu Januari 2025. Ukiigeuza ni Sh. 9,900/-, na mtu wa Chiwata atashika kichwa. Lakini kwa ujira wa pauni 12.21 kwa saa, pauni 3 ni kazi ya robo saa. Na hapa kwetu? Mwenye Sh. 500,000/- akifanya kazi siku 22 za saa nane, saa yake moja ni kama Sh. 2,840/-. Nauli ya daladala ya masafa mafupi mjini Dar es Salaam iliwekwa Sh. 600/- Desemba 2023. Nayo ni kazi ya dakika kumi na tatu hivi. Basi lile la kutisha na hili la kawaida ni karibu sawasawa! Kumbe shilingi zilitudanganya mara mbili: zilitufurahisha bure kwenye mshahara, zikatutisha bure kwenye nauli.

Tukaendelea na vitu vingine, tukiwauliza wenzetu waliokaa huko, na jambo moja likajitokeza ambalo hatukulitazamia. Ng'ambo, kitu kilichotengenezwa na mashine ni rahisi kwa saa za kazi: nguo, simu, sahani, mkate, hata kuku. Mtu wa ujira wa chini hununua kuku mzima kwa kazi isiyofika saa moja, jambo ambalo karani wa hapa hawezi. Lakini kitu kinachotoka katika mikono ya mtu ni ghali mno: kunyoa nywele, kushona suruali iliyochanika, fundi wa bomba, na zaidi ya yote kumlea mtoto. Kwetu ni kinyume. Kuku wa kufuga ni wa mgeni na sikukuu, lakini mikono ya watu haituishii. Bibi yuko, shangazi yuko, binti wa ndugu yuko jikoni, kinyozi yuko chini ya mwembe. Karani wa Chiwata haoni gharama hizi kwa sababu hajapata kuzilipa kwa fedha. Akifika kule atagundua ya kuwa watu wale walikuwa sehemu ya mshahara wake. Tena mara nyingi atagundua kwamba kazi aliyoipata yeye ndiyo ile ya kuosha na kulisha wazee wa watu wengine.

Kodi ya nyumba ni habari ya namna hiyohiyo. Wengi wetu twalala katika nyumba tulizojenga wenyewe, kwa matofali tuliyofyatua wenyewe. Kule, chumba ndicho mlaji wa kwanza wa mshahara, kabla ya unga. Kisha baridi inataka moto wa gesi au umeme miezi mingi. Hata kutazama televisheni nyumbani kuna leseni yake, iliyokuwa pauni 174.50 kwa mwaka ilipowekwa Aprili 2025, jambo lililowachekesha sana wazee wa hapa.

Lakini hatutaki kusema kwamba huku kwetu kila kitu ni bure. Yako mambo ambayo twayalipa kwa jasho bila kuyaandika. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na pande zake, maji yamekuwa taabu tangu zamani, na wanawake walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Saa zile nazo ni saa. Mwanamke aliyezimaliza akihesabu maji na mumewe anayeyahesabu hawatapata jumla moja. Mke wa ndugu yetu alitukumbusha jambo hili, na tulinyamaza.

Wazee wetu waliokwenda kukata mkonge Tanga na Pangani walikuwa hodari wa hesabu hii kuliko sisi wenye vyeti. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande cha siku thelathini, na aliyekwenda kwa mkataba alijua kuuliza kwanza habari ya posho na nauli, ndipo aulize mshahara. Nauli ya kurudi ni ya nani? Nikiugua, nani atanilisha? Sisi twauliza mshahara tu, kisha twauliza picha ya uwanja wa ndege.

Na katika chama cha watumishi tunalo jina la kukumbuka. Marehemu Martin Kayamba, mwanafunzi wa Kiungani, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali Tanga mwaka 1922, alipelekwa London mwaka 1931 pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Bwana Francis Lwamugira wa Bukoba, ili watoe ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya kuunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Akaandika kitabu cha Kiswahili juu ya safari hiyo, kikapigwa chapa 1932. Ni habari ya heshima, lakini ni habari ya mtu aliyetumwa kwa kazi maalum kisha arudi. Aliyetumwa hivyo huiona nchi, wala haoni risiti zake. Habari nyingi tunazoletewa leo na wanaorudi likizo ni za namna hii: twaonyeshwa viatu, hatuonyeshwi kodi ya chumba.

Wako wanaosema, basi twende Oman, kule tuna ndugu, na Kiswahili kinasemwa. Ni kweli. Tena riali ya Oman imefungwa kwa dola, na tangu 1986 riali moja ni dola 2.60, basi haiyumbi. Wala mshahara wa mtu haukatwi kodi ya mapato, maana sheria iliyotolewa 2025 yaanza Januari 2028, nayo ni kwa wenye mapato makubwa sana. Mtumishi wa nyumbani hulala na kula kwa mwajiri, hata mshahara wake waonekana kama umebaki mzima. Lakini huyo ndiye ambaye gharama yake haiandikwi kwa riali. Taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilieleza habari za wanawake wa Tanzania huko Oman na Falme za Kiarabu walionyang'anywa pasi na kufanyishwa kazi saa nyingi bila mapumziko. Mwenye kwenda, na apitie wakala aliyesajiliwa, na nakala ya mkataba aiache kwa jamaa zake.

Kwa mtumishi wa serikali liko neno moja zaidi. Pensheni ya kila mwezi katika mfuko wa PSSSF, ulioundwa 2018, hutaka michango ya miezi 180. Ndugu yetu amekwisha kuchangia miezi 163. Katika ile karatasi yake mstari huu haukuwamo kabisa! Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, na aende kwa afisa utumishi aulize habari ya likizo bila malipo, na aende kwenye mfuko aulize nini kitakuwa cha miezi yake.

Limebaki shamba. Hapa sisi hatukubaliani naye, na twamwambia waziwazi. Mkorosho huchukua miaka kama mitatu kuanza kuzaa, lakini ukiisha kuzaa humlisha mtu miaka mingi, hata wajukuu. Twajua bei yake hupanda na kushuka. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za wanunuzi mpaka serikali ikasema itanunua yenyewe kwa Sh. 3,300/- kwa kilo, na katika minada ya mwanzo ya msimu wa 2024 mkoani Mtwara kilo ilipita Sh. 4,000/-. Lakini shamba ndilo peke yake katika mali zake litakalofanya kazi akiwa hayupo. Akiliuza, mke na watoto aliowaacha watakula nini mpaka fedha ya kwanza ifike? Atakuwa amejiongezea mzigo wa kuwalisha wao kwa zile pauni 1,058, ambazo tumekwisha kuona hazimtoshi mwenyewe.

Twaomba Halmashauri ya chama ifikirie kuweka daftari moja katika kila tawi. Wanachama walioko ng'ambo waombwe kutuandikia bei za vitu kumi tu: chumba, nauli, unga, mchele, kuku, umeme, simu, kunyoa, dawa ya homa, na malezi ya mtoto kwa siku, na mbele ya kila kimoja waandike saa za kazi, wasiandike shilingi. Majina yao yasiandikwe, ili wasione haya kusema kweli.

Ndugu yetu alichukua karatasi yake akaenda nayo nyumbani. Juzi alirudi. Amekiandikia chuo akiomba nafasi yake isogezwe mbele mwaka mmoja, naye angoja jibu. Mikorosho ameanza kuipulizia dawa, na mkewe ndiye aliyeshika daftari la gharama.