Mtaro Usichimbwe kwa Kubahatisha



Wenzetu wanaochimba mitaro hapa Suneka, kando ya barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, wanaijua habari hii kuliko sisi tunaoiandika. Kibarua hupewa sururu, huonyeshwa kamba iliyonyoshwa, huambiwa achimbe. Akipasua paipu ya maji, nyapara hupiga kelele na mwisho wa mwezi mshahara hukatwa. Akigonga waya wa stima, huenda mwisho wa mwezi usimkute.

Wenye kandarasi hutujibu ya kwamba siku hizi iko mashine. Ni kweli iko, na ni chombo chema. Ni kipokezi cha kushika mkononi. Mtu hutembea nacho polepole, ncha yake ikielekea chini. Waya unaopitisha stima hutoa nguvu ya sumaku inayokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kipokezi huisikia kikalia. Lakini waya ambao stima yake haitumiki saa ile, kama ule wa duka lililofungwa, waweza kunyamaza kabisa, na bado ukaua mtu.

Ndiyo sababu kipokezi kina mwenzake, kisanduku cha kupeleka ishara. Waya wake mmoja hufungwa kwenye paipu ya chuma, wa pili kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini kando, ndipo ishara hupita ndani ya paipu na kipokezi huifuata. (Waya wa stima haufungwi hivyo, huvishwa koleo lake maalum juu ya ganda.) Tumeona kazi ambako kipokezi kililetwa peke yake, kisanduku kimebaki stoo. Kwa nini kilinunuliwa?

Tena paipu nyingi za maji zinazolazwa siku hizi ni za plastiki, na plastiki haibebi ishara. Kama haikulazwa pamoja na waya mwembamba wa kuitafutia, mtu atapita juu yake na kipokezi asisikie neno. Halafu nyapara husema, "Hapa pako wazi, chimbeni." Maneno hayo twayakataa. Kipokezi kikilia, kuna kitu; kisipolia, bado hatujui.

Wala si jambo la nchi maskini tu. Kule Ghislenghien, Ubelgiji, tarehe 30 Julai 2004, paipu kubwa ya gesi ililipuka ikaua watu 24. Ilikuwa imeumizwa kabla na kazi za ujenzi. Ubelgiji haikukosa vyombo.

Twataka nini basi? Kabla ya jembe la kwanza, ramani iombwe kwa wenye maji, wenye stima na wenye nyaya za simu. Vyombo vyote viwili vije, na mtu aliyefundishwa kuvitumia, si kijana aliyepewa asubuhi ile ile. Kisha vichimbwe vishimo vya kujaribia, kwa mkono na kwa taratibu, mpaka paipu ionekane kwa macho. Trekta la kuchimbia lisubiri. Najua tutaambiwa kazi itachelewa. Na ichelewe.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, wala asilazimishwe kurudi pale mpaka hatari iondolewe. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika pale tu mfanya kazi alipoharibu kwa kusudi, tena kwa kiasi cha haki. Mtu aliyechimba alipoelekezwa, bila ramani, ana kusudi gani?

Mwanachama yeyote aliyekatwa pesa kwa ajili ya paipu au waya alete karatasi ya mshahara kwa katibu wa tawi, na aseme ni nani aliyemwonyesha mahali pa kuchimba.