Kale kasanamu ka elfu 35, na mtu wangu wa waya



Kwanza samahani kwa kimya kirefu. Wiki tatu zilizopita ilikuwa majaribio juu ya majaribio, halafu nikapata siku nne nikakimbilia nyumbani Buigiri kula ugali wa uwele na mlenda kama binadamu. Sasa nimerudi kampasi, tumbo limeshiba, na nina hoja. Najua washkaji wa kozi nyingine watanicheka, maana leo naongelea wanasesere. Ndiyo, wanasesere. Chekeni halafu mrudi.

Tunaosoma sanaa tunavijua vile visanamu vya mbao vyenye viungo. Kana urefu wa sentimita 30 hivi, hakana uso, kamechomekwa kwenye kitako kwa kichuma, ndani kana waya na springi, unakikunja mkono, unakigeuza shingo, unachora. Ukifungua kitabu chochote cha kujifunza kuchora lazima ukikute kimesimama pembeni kinakutazama bila macho. Basi mimi tangu mwaka wa kwanza niliamini kwamba siri ya kuchora watu imo mle. Wenzetu wanavyo, sisi hatuna, ndiyo maana watu wetu wanatoka kama vijiti. Hiyo ndiyo ilikuwa falsafa yangu.

Bumu lilipotoka nikapita Dar, nikazama Kariakoo, nikakapata kamoja. Elfu 35. Jamani, elfu 35 kwa mwanafunzi ni ugali maharage wa siku kumi, mchana na usiku. Nikalipa huku natabasamu. Siku kumi zilizofuata sitazisimulia, ila mwenzangu wa chumbani anajua nilivyokuwa mpole saa ya chakula. Chai kavu, halafu chai kavu tena.

Sasa bwana, tukapewa kazi ya kuchora mtu mzima akiwa kazini au kwenye ngoma. Mimi Mgogo, nichore nini zaidi ya mama anayepiga muheme? Kwa wasiotoka huku: muheme ni ngoma ya akina mama wa Kigogo, wanaibana katikati ya mapaja, magoti yamekunjwa, mgongo umeinama kidogo, mikono inapiga na mwili mzima unacheza. Nikakatoa kasanamu kangu nikaanza kukakunja. Kakagoma. Paja halipandi, nyonga haizunguki, kiwiliwili kina pingili tatu tu kwa hiyo hakainami, kanavunjika katikati kama fimbo. Mimi nikajisemea wataalamu waliokatengeneza wanajua zaidi yangu, nikachora nilichokiona. Nikapata alama za huruma. Kweli alikuwa mama wa ajabu, kasimama wima kama mgambo, ngoma imemning'inia mbele kama ndoo.

Nikaenda nayo nyumbani, picha na kasanamu. Bibi akaitazama picha akasema, "Mjukuu wangu, huyu hajawahi kupiga ngoma." Akaendelea kupepeta.

Lakini aliyenifungua macho ni dogo mmoja, mtoto wa shangazi. Buigiri kuna shule ya msingi ya wasioona, ya tangu mwaka 1950, na huyu dogo anasoma hapo. Haoni kabisa. Anasoma kwa nukta nundu, na vidole vyake havitulii, kila kitu lazima akipapase. Nikampa kasanamu achezee. Akakapitia taratibu kuanzia kichwani hadi miguuni, akajaribu kukachuchumalisha. Akajaribu tena. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa:

"Kaka, huyu mtu anaumwa kiuno?"

Nilicheka hadi machozi, halafu nikanyamaza. Maana alichokiona yeye kwa dakika mbili za vidole, mimi mwenye macho mawili sikukiona kwa wiki mbili. Yeye anajua mtu anavyochuchumaa kwa sababu anachuchumaa. Mimi nilikuwa nakiuliza kipande cha mbao swali ambalo magoti yangu mwenyewe yangenijibu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, wadau. Kisanamu cha viungo ni chombo kizuri, lakini hakijui mwili kuliko wewe. Ukikinunua ili kikufundishe mwili wa mtu, umeliwa. Ukikinunua ili kikukumbushe unachokijua, kikae kimya saa nzima wakati unachora, hapo pesa yako imefanya kazi.

Na hata wakubwa walikitumia hivyo hivyo. Vasari, yule mwandishi wa maisha ya wachoraji wa Italia, anaeleza kwamba Fra Bartolommeo, mtawa na mchoraji wa Firenze aliyefariki mwaka 1517, alitengenezewa mtu wa mbao wa ukubwa wa binadamu mwenye viungo vinavyokunjika. Wa nini? Wa kuvalishwa nguo! Binadamu ukimvalisha joho anachoka, anajikuna, mikunjo inaharibika. Wa mbao hachoki. Mwili alikuwa keshaujua kwa kuchora watu wazima wazima, cha mbao kilishika kitambaa tu.

Mwingine atasema, aa, za mbao zimepitwa, nunua za plastiki. Ni kweli zipo. Wajapani, kampuni ya Bandai, wanatengeneza Body-kun na Body-chan, vidogo tu, kama sentimita 15, lakini vinachuchumaa, vinapiga magoti, vina mikono ya kubadilisha, ya ngumi, ya kushika kitu. Vizuri mno. Bei yake halisi sasa, ukiongeza usafiri mpaka Dodoma, ni bora ununue mbuzi. Kuna kopi za bei poa mtandaoni, nimeishika ya mshikaji mmoja: kwa wiki mbili za mwanzo ni raha, baada ya hapo goti linalegea, bega linachomoka, unachora huku unaokota mkono chini ya kitanda. Na bado ni mwili wa katuni ya Kijapani, kiuno cha nyigu. Mama wa muheme hana kiuno hicho, na hakihitaji.

Sasa tufanyeje? Hii ndiyo sehemu niliyotaka kuandika tangu mwanzo. Mimi na yule dogo tulitengeneza mtu wa waya. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba waya wa kufungia nondo, nusu kilo inatosha watu kadhaa. Omba plaizi kwa fundi yeyote. Mtu mzima ana urefu wa vichwa kama saba na nusu, kwa hiyo ukimtaka wa sentimita 30, kichwa ni sentimita 4. Nusu ya urefu ndipo miguu inapoanzia, yaani sentimita 15 toka chini. Goti liko katikati ya mguu. Mikono yote miwili ikinyooshwa, toka ncha hadi ncha, ni sawa na urefu wake, sentimita 30. Kunja waya mara mbili na uusokote ili awe na nguvu. Mabega na nyonga viwe na upana wao, usimfanye kijiti. Halafu zungushia vitambaa au uzi mnene penye nyama, paja, kifua, tako, na viungo uviache wazi vikunjike.

Dogo ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Kila kiungo alijipapasa mwenyewe kwanza, bega lake, kiwiko chake, kisha anaenda kwenye waya. Nilipomwambia tunataka mama wa muheme, akasimama, akajibana debe la mafuta katikati ya mapaja, akatulia kidogo akijisikiliza, halafu akakunja. Magoti yakaja ndani kidogo, makalio yakarudi nyuma, kifua kikaja mbele. Mtu wa waya alisimama vile vile. Sikumwambia kitu, nilikwenda kutafuta penseli.

Nimemchora upya tukiwa uani, saa kumi jioni, jua la Dodoma linapiga kwa ubavu na kivuli kimenyooka. Nikamfunga kipande cha leso laini, maana kitambaa kizito hakikunjiki vizuri kwa mtu mdogo, kinasimama kama turubai. Na hapo ndipo niliuona uzuri wa hivi vyombo: unamzunguka, unamtazama kwa juu, kwa chini, mkono unaokuja usoni kwako unafupika, na yeye hachoki wala hasemi "kaka bado?" Picha ya simu haikupi hilo, ile imeshaamua upande mmoja.

Nisiwadanganye, mtu wa waya ana matatizo yake. Hana misuli, hana uso, hana vidole vya maana. Na ukimkunja goti lile lile mara nyingi waya unakatika, wangu ana mguu mmoja wa kufungwa. Kwa misuli tafuta kioo, vua shati, jitazame. Kwa vidole una mikono yako miwili, chora mmoja kwa mwingine.

Najua pia yupo atakayesema mbona Wamakonde wanachonga ule mtindo wa ujamaa, watu wamebebana kwenye gogo moja la mpingo, na hawana kidoli chochote mbele yao? Kweli kabisa. Lakini wale wamekaa na mafundi wao miaka, wameshika miili mingi ya mbao kabla ya kuuza mmoja. Sisi tuna miaka mitatu na nusu yake ni majaribio! Tunahitaji msaada, sikatai. Nakataa kushinda njaa ili kuununua.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwaka wa kwanza mliopata bumu juzi: kwanza kula. Pili nunua karatasi nyingi na ukakae stendi, sokoni, popote watu wanapoinama na kubeba. Tatu tengeneza mtu wa waya. Nne, kama bado mnataka ya plastiki, changeni watu wanne au watano wa darasa moja, mnunue moja ya maana, izunguke kwa zamu. Ya mbao iwe ya mwisho kabisa, na mkiitaka kweli, ninayo moja nauza. Elfu 10 tu. Inaumwa kiuno.

Dogo aliniuliza nilipomaliza, "Sasa ameinama?" Nikamwambia ameinama. Akasema, "Basi mwonyeshe bibi."

Bibi aliitazama, akaitazama tena, akauliza, "Huyu ni wa ukoo gani?" Sijawahi kupata alama nzuri kuliko hiyo tangu nianze chuo.

Naomba kutoa hoja. Tukutane kantini, wa kupinga aje na mtu wake wa waya tupimane.