Biskuti za sikukuu: Gandisha mapema, lakini jua cha kutupa umeme ukikatika

Wiki ya Krismasi katika nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo, mama huamka kabla ya jogoo. Wageni wako njiani, mchele haujachambuliwa, kuku bado anakimbizwa uani. Katikati ya pilikapilika hizo mtoto anauliza: "Mama, biskuti tunaoka lini?"

Jibu linaweza kuwa: "Tulishaoka, mwanangu." Biskuti za nyumbani zinaweza kuandaliwa wiki mbili au tatu kabla ya sikukuu na kugandishwa. Tangu gridi ya taifa ilipofika wilaya hizi mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli, mwenye friji ana nafasi nzuri zaidi ya kupanga hivyo. Hata hivyo Desemba ni mwezi wa mvua na radi, na umeme hukatika. Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kuwa makini, kwa sababu baridi haiui vijidudu. Inavilaza tu, na joto likirudi vinaamka.

Kuna njia mbili

Ya kwanza ni kuoka kabisa, kuacha biskuti zipoe vizuri, kisha kuzigandisha. Zikifungwa zikiwa na joto, mvuke hugeuka maji na biskuti hulainika. Siku ya kuzila, zitolewe zikiwa ndani ya chombo kilichofungwa, zikae kama saa moja.

Ya pili ni kugandisha unga uliokandwa. Vitengenezwe vidonge vidogo, vipangwe kwenye sinia vikauke kwa baridi, kisha viwekwe pamoja kwenye chombo. Vinaokwa vikiwa bado vimeganda, ila vinahitaji dakika chache zaidi, iwe kwenye oveni au kwenye sufuria yenye moto wa makaa juu na chini.

Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, chombo kizuri ni kopo au ndoo ndogo safi yenye mfuniko unaobana. Andika tarehe juu yake. Friza inayofikia nyuzi 18 chini ya sifuri huhifadhi biskuti kwa miezi miwili au zaidi. Kisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji ya mlango mmoja mara nyingi hakifikii baridi hiyo, hivyo zisikae humo zaidi ya wiki mbili.

Mbali na migebuka

Friza nyingi hazina kitu kimoja. Migebuka kutoka ziwani na nyama ya sikukuu hukaa humo humo. Samaki na nyama mbichi viwekwe chini, biskuti juu, kila kimoja na chombo chake. Umeme ukikatika, maji ya samaki hudondokea kilicho chini yake.

Watoto nao wasilambe bakuli la unga mbichi. Mayai mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na unga wa ngano usiopikwa unaweza pia kubeba vijidudu.

Umeme ukikatika

Usifungue mlango. Friza iliyojaa hubaki na baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu kwa saa 24. Kila anayechungulia anapunguza muda huo.

Kama familia inasafiri kwenda kusalimia bibi, igandishe maji kwenye kikombe, kisha iweke sarafu juu ya barafu na kukiacha ndani ya friza. Mkirudi mkaikuta sarafu imezama, umeme ulikatika kwa muda mrefu, vitu vikayeyuka na kuganda upya.

Hapo uamuzi ni huu. Biskuti kavu zilizookwa, ambazo hazina krimu na hazikuguswa na maji ya nyama, zinaweza kuliwa hata kama zimepoteza ladha kidogo. Unga mbichi wenye mayai au maziwa uliopoteza ubaridi kwa zaidi ya saa mbili utupwe. Usiurudishe kwenye friza, na usipime kwa kuunusa, kwa kuwa vijidudu vingi havina harufu. Inauma kutupa siagi na mayai vilivyonunuliwa kwa fedha ya jasho, lakini kuharisha kwa mtoto mdogo kunauma zaidi.

Asiye na friji

Hajakosa kitu. Biskuti zilizookwa hadi zikakauka hukaa wiki moja hadi mbili kwenye kopo kavu lililofungwa vizuri, mbali na jiko na unyevu. Hali ya hewa ya nyanda za juu, yenye ubaridi kuliko ufukweni, nayo inasaidia.

Mtoto akiharisha

Mpe ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, aendelee kunyonya na kula, na mtoa huduma ya afya ampatie vidonge vya zinki. Mwahishe kituo cha afya akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, macho yakidumbukia, akilegea au akipata choo chenye damu, hata kama ni siku ya Krismasi.

Mzazi aliyeoka mapema na kuhifadhi vizuri atapata nafasi ya kukaa na watoto mezani siku hiyo, badala ya kuwasikia wakicheka akiwa jikoni.